Steshenari ya Ngamiani na sifuri zake

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na ya tatu ni ya yule dada anayekaa kwenye kompyuta ya dirishani.

Nafundisha kemia sekondari hapa Tanga, na jioni nasomea shahada ya pili. Wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu, laptopu yangu ikamwagikiwa chai. Nikabeba daftari la kurasa 84 za mkono, nikapanda baiskeli hadi Ngamiani. Kuchapa shilingi 800 ukurasa, kuprinti 100. Si bei ya kuchekelea, lakini dada anachapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi, na siku ya tatu kazi ilikuwa kwenye flashi. Mwandiko wangu hata mke wangu hausomi. Yeye aliuliza mara mbili tu.

Shida ni kile kiduara cha nyuzi joto. Alikigeuza sifuri, kila mahali.

Kwa tasnifu nyingine ungesamehe. Yangu yote ni vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko, vya kubadili methani (gesi kuu ya gesi asilia) kuwa methanoli, aina ya alkoholi, bila moto mkali! Viwandani methani hupitishwa na mvuke juu ya nikeli kwenye nyuzi 700 hadi 1,000, maana kaboni na haidrojeni zake zimeshikana hasa. Mimi nachambua shaba iliyokaa ndani ya vitundu vya zeolaiti, madini yenye matundu madogo mno: unaipasha na oksijeni kwenye nyuzi kama 450, unashusha hadi 200, unapitisha methani, kisha mvuke wa maji unakutolea methanoli. Toleo la Ngamiani linapasha kwenye 4500. Shaba huyeyuka kwenye 1,085, jamani. Na bakteria wa matopeni, ambao kazi hiyo wanaifanya kwa kimeng'enya (kichocheo cha mwilini mwao) kwenye nyuzi 30, wakahamia 300.

Niligundua nakala tatu zikiwa zimeshajalidiwa, tena si mimi niliyegundua. Msimamizi aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hawa wamekufa."

Nikarudi nimefura. Mwenye duka: "Shikamoo mwalimu. Ulivyoandika ndivyo tulivyochapa." Nikafungua daftari. Viduara vyangu na sifuri zangu, pacha. Dada akarekebisha zote bure, akakaa mpaka saa mbili usiku. Kujalidi upya nikalipa mwenyewe, elfu tano kila nakala, na hapo ndipo nyota zao zilipopungua.

Ukienda, mzungushie kila kiduara cha nyuzi kwa kalamu ya rangi. Na uwahi kabla ya saa nne asubuhi, feni ni moja na inamwelekea mwenye duka.