Tundu la beringi: karakana ya mkato wa maji iliyoniharibia sahani nane

Ukipeleka kazi yenye tundu la beringi kwenye karakana hii ya Eneo la Viwanda, Nairobi, inayokata chuma kwa maji ya shinikizo kubwa na ganeti (mchanga mgumu), usiondoke. Simama hapo hapo mpaka kipande cha kwanza kipimwe. Mwanzoni nilitaka kuandika usipeleke kabisa, na huenda nikamaliza kwa kusema hivyo.

Kazi ilikuwa sahani nane za kushikilia beringi za kinu cha posho, chuma cha kawaida cha mm 20, beringi namba 6208. Duara la nje la beringi hiyo ni mm 80, na tundu lake linatakiwa liangukie kati ya 80.00 na 80.03. Kwa unene huo, usitegemee mkato wa maji peke yake ukupe mikroni thelathini, yaani hiyo mm 0.03. Wenye kazi wanajua utaratibu: maji yanakata tundu la 79, nusu milimita inabaki kila upande, kisha mkerezaji anamalizia. Mashine ya kukereza wanayo na milingi, mashine ya kuchonga chuma, wanayo, na bei waliyotoza ilikuwa na umaliziaji ndani yake. Mchoro uliandikwa hivyo, kwa herufi kubwa.

Wakakata 80 moja kwa moja. Zote nane, bila kusimama kupima hata moja.

Kwa venia, kifaa changu cha kupimia, juu tundu lilisoma 80.16, chini 79.88. Hiyo tofauti ya juu na chini si ajabu. Maji yanapungua nguvu yakishuka ndani ya chuma, hivyo mkato unakuwa mpana juu na mwembamba chini kama kabari, na opereta akiharakisha ndiyo unazidi. Angepunguza mwendo kwenye tundu lile tu, mteremko ungepungua. Ila ile 80.16 ya juu ina mama yake. Ganeti inasugua nozo, mdomo unaotoa maji, kila dakika, tundu la nozo linapanuka na mkato unapanuka nalo. Upana mpya usipoingizwa kwenye programu, kila tundu linazidi na kila kipimo cha nje kinapungua. Nilipima upana wa sahani kwa nje: umepungua 0.16 ile ile. Hapo sihitaji kubahatisha.

Mteremko peke yake ningeusamehe, maana mkerezaji angeufuta. Lakini tundu likishapita 80.03 hata upande mmoja, hakuna kilichobaki cha kukereza. Chuma hakirudi.

Msimamizi alipoitwa alikuja mikono mfukoni. "Mzee, hii mashine ni ya kompyuta, haikosei. Hiyo venia yako umenunua Gikomba?" Nikamwomba atumie maikromita yake. Hakutaka. Akachukua beringi, akaiweka juu ya tundu na kuisukuma kwa kidole gumba. Ikazama bila kugongwa hadi kupita nusu kidogo, ikakwama hapo imelala upande. Hapo hapo, mbele yangu, akamgeukia kijana: "Pitisha grainda huko chini. Juu piga senta panchi kuzunguka, itashika."

Senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia vidoti! Kwa karakana inayojiita ya kazi za usahihi! Beringi iliyoshikwa hivyo imekaa juu ya vichwa vya vidoti. Kinu kikianza kutikisika vidoti vinalala, duara la nje linaanza kuzunguka ndani ya sahani, joto linapanda, grisi inayeyuka na kutoka, shafti inacheza. Na shafti yenyewe imebeba nyundo zinazozunguka kwa kasi, na mtu amesimama karibu nayo akimimina mahindi. Nani atakayejibu siku hiyo?

Haki ya mkato wenyewe niitoe. Kingo hazina rangi ya moto, hazina makapi, na sahani zimelala sawa kabisa, jambo ambalo mkato wa gesi hautakupa kirahisi. Mashimo ya bolti za M12 (unene wa mm 12), waliyokata kwa 13.5, yalipokea bolti zote bila kusukumana. Mahali jeti ilipotobolea ni ndani ya taka ya katikati, kisha ikaingia kwenye mstari kwa kona laini, kwa hiyo hakuna kidonda kwenye duara. Huyo ni kijana wa mashine, na anaijua. Ndiye pia aliyeziosha sahani kwa maji safi, akazipuliza kwa kompresa na kuzipaka mafuta, maana chuma cha kawaida kikitoka kwenye maji hakingoji jioni kupata kutu. Na ndiye aliyenong'ona kwamba nozo imepita saa zake, ameomba mpya na hajapewa. Kwa flenji, kwa mabati ya urembo, kwa gasketi za mpira ambazo hukatwa kwa maji matupu bila ganeti, ningekwambia nenda, muulize kijana. Nyota tatu.

Kisha nakumbuka mashimo ya nyuzi za M10. Mchoro ulisema yatobolewe 6 kwa maji, halafu yapanuliwe kwa drili hadi 8.5. Wakakata 8.5 kwa maji. Chini yamebana, na punje za ganeti zimekwama ukutani mwa shimo zikingoja kula makali ya tapu, chombo cha kukatia nyuzi. Tapu mbili zimevunjikia ndani. Ni kosa lile lile la beringi: hakuna aliyeusoma mchoro. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.

Msimamizi amenitumia ujumbe kwamba watanipunguzia asilimia kumi kazi ijayo. Sijaomba punguzo. Nimeomba chuma cha sahani nane, na tapu mbili.