Huduma ya helikopta ya uokoaji Mlima Kilimanjaro

Mwezi uliopita mgeni niliyemwongoza kutoka Moshi alijaa maji kwenye mapafu katika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, akachukuliwa na helikopta asubuhi mara mawingu yalipotawanyika. Ilikuwa AS350 B3, aina iliyotua kwenye kilele cha Everest mwaka 2005, na rubani aliitua kwa utulivu wa kupendeza. Fundi wa huduma hiyo ya helikopta alinieleza kwamba baadhi ya vipuri vya panga boi hubadilishwa saa zake za kuruka zikitimia, hata vikionekana vizima. Ndipo nilipoelewa kwa nini bei yao ni kubwa. Kilichoniudhi ni ofisi yao kudai uthibitisho wa bima mara tatu, ilhali mgonjwa anatweta.