Darubini ya kutazamia ndege Malindi: ipi ununue ukiwa na pesa kidogo

Mwenye haraka na asome aya hii peke yake. Ukitaka darubini moja itakayokufaa mdomo wa Mto Sabaki, hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, na mfuko wako si mzito, nunua yenye namba 8x42, iliyozibwa maji yasiingie na kujazwa gesi kavu ndani. Ya kwanza kwenye orodha yangu ni Celestron Nature DX 8x42. Ikikosekana, chukua Nikon Prostaff P3 8x42. Yaliyobaki hapa chini ni sababu zake, pamoja na zile ambazo ningependa uziache dukani.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la kijana mmoja wa Ganda. Aliniuliza bunduki gani ndogo ya bei nafuu inafaa kuwindia kanga na kupigia shabaha. Nikamwambia wazi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na silaha isiyo na leseni itamfikisha jela kabla haijamfikisha kwa kanga. Lakini nilipomuuliza ni kitu gani hasa anachokipenda katika kuwinda, hakutaja nyama. Alitaja kuamka giza bado lipo, kunyata kwenye majani yenye umande, na kumwona ndege kabla ndege hajamwona yeye. Nikampa darubini yangu tukaenda Sabaki asubuhi moja. Hakuniuliza tena habari za bunduki. Aliniuliza bei.

Bei basi. Nitataja za Marekani kwa sababu ndizo ninazoweza kuzisimamia. Hapa kwetu kila duka lina yake. Darubini nzuri za kuanzia huuzwa huko kwa dola 100 hadi 150. Ukihesabu dola kwa shilingi 130, hiyo ni Sh13,000 hadi Sh19,500, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ukiona Nairobi au Mombasa mtu anauza darubini mpya yenye jina kubwa kwa Sh3,000, jua jina limebandikwa tu.

Sasa namba. Kwenye 8x42, nane ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ndege aliye mita 80 kutoka kwako, kwa nane utamwona kama yuko mita 10. Kwa darubini ya kumi utamwona kama yuko mita 8. Hiyo ndiyo tofauti nzima ambayo wauzaji huipigia debe: mita mbili. Na mita mbili hizo zina gharama. Kila mtikisiko wa mkono wako nao unakuzwa mara kumi, na eneo unaloliona kwa mara moja linapungua. Darubini ya 8x42 huonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa kilomita moja. Ya 10x42 kwa kawaida haifiki hapo. Wakati wa kusi, upepo ukikupiga kifuani pale kwenye matuta ya mchanga ya Sabaki, ya kumi hukupa kundi la buabua linalocheza ngoma. Ya nane inatulia.

Msituni ndiko nane inakoshinda kabisa. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25, hiyo ni milimita za duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. Gawanya 42 kwa 10 upate 4.2. Mchana wa jua kali huoni tofauti, kwa sababu mboni yako yenyewe imejibana hadi milimita mbili au tatu. Lakini ingia Arabuko-Sokoke saa kumi na mbili na robo asubuhi, chini ya miti, ambapo mboni imefunguka na inatafuta kila chembe ya mwanga, utaielewa hesabu hiyo kwa macho. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na baadhi ya ndege wake huwapati kirahisi kwingine duniani. Bundi mdogo wa Sokoke hana kimo cha shibiri, na mchana hujibanza kwenye kichaka akafanana na jani kavu. Mtembezaji atakuonyesha kwa kidole, utatazama, hutaona kitu. Ukiinua darubini yenye mwanga, jani linafumbua jicho.

Kuna jambo la pili ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hulipitia juu juu kwa kuwa wao haliwaumi sana: unyevu na chumvi. Kwetu pwani, darubini haifi kwa kuanguka. Inakufa kwa kuvu. Hewa yenye unyevu inaingia ndani, inakaa kati ya lenzi, na baada ya masika moja au mbili unaona nyuzi kama utando wa buibui zimetanda kwenye kioo. Nyuzi hizo hula mipako ya lenzi, na hata fundi akizisafisha, kovu linabaki. Nilipoteza darubini yangu ya kwanza hivyo hivyo, na niliipenda sana. Ndiyo maana nasisitiza iliyozibwa na kujazwa naitrojeni au agoni. Gesi hizo ni kavu, hazibebi mvuke, kwa hiyo kioo hakifanyi ukungu ndani na kuvu haipati maji ya kunywa. Kwa mtu wa Nakuru ningesema sifa hii ni ya hiari. Kwa mtu wa Malindi, Watamu au Lamu, ni sharti.

Kwa vipimo hivyo viwili, mwanga na kuzibwa, orodha yangu inakuwa hivi.

Ya kwanza, Celestron Nature DX 8x42. Imezibwa, ina naitrojeni, prizimu zake, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza njia ya mwanga, ni za kioo kizuri aina ya BaK-4, na uzito wake ni gramu 630 hivi. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba inalenga hata kitu kilicho mita mbili tu kutoka kwako. Huenda ukadhani hilo si kitu. Ngoja ukutane na kipepeo kwenye njia ya msituni, au isanje, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayechakura majani makavu hatua chache mbele yako. Kasoro yake ipo: pembezoni mwa picha ukali unafifia. Katikati, anapokaa ndege, ni safi.

Ya pili, Nikon Prostaff P3 8x42. Nayo imezibwa na ina naitrojeni. Ni nyepesi zaidi, kama gramu 575, na ukitembea kutoka barabara ya Lamu hadi mdomo wa Sabaki na kurudi, shingo yako itazitambua hizo gramu zilizopungua. Uwanja wake wa kuona ni mwembamba kidogo kuliko wa Celestron. Mvaa miwani aiweke hii ya kwanza: jicho linaweza kukaa mbali na kioo na bado likaona picha nzima. Kwa jumla, mvaa miwani asinunue darubini ambayo nafasi hiyo ya jicho haifiki milimita 15. Ataona tundu dogo lililozungukwa na giza, na atadhani macho yake ndiyo mabovu.

Ya tatu naiweka kwa watu wa aina moja tu: vijana wanaotembeza wageni kwa malipo. Hao, ikiwezekana wachange, wanunue Vortex Diamondback HD 8x42. Inapita dola 200, na najua hizo ni pesa nyingi. Ina agoni, prizimu zake zimepakwa ili rangi zisififie, na mgeni anapokuuliza mguu wa yule kitwitwi ni wa kijani au wa manjano, unamjibu. Kampuni hiyo inajulikana kwa dhamana isiyo na mwisho, ingawa ukiwa Malindi lazima uhesabu na gharama ya kuituma huko na kurudi. Anayetazama ndege Jumamosi kwa Jumamosi haihitaji.

Ya nne imenipa shida kuipanga: Nikon Aculon A211 8x42. Ukiangalia picha peke yake, kwa bei yake ingekuwa ya kwanza. Ni ya umbo la kale, mabega mapana, mtindo wa prizimu za Mwitaliano Ignazio Porro, aliyepata hataza yake mwaka 1854. Prizimu za mtindo huo hurudisha mwanga wote bila kuhitaji mipako ya ghali ambayo darubini nyembamba zinahitaji. Kwa hiyo pesa kidogo inanunua mwanga mwingi, na uwanja wake ni mpana, mita 140 kwa kilomita. Lakini haikuzibwa. Iache juu ya kabati karibu na bahari uone. Tena ni nzito, zaidi ya gramu 750, na nafasi ya jicho ni milimita 12 tu, kwa hiyo mwenye miwani aipite. Ukiishi bara, au ukiwa mtu wa kuirudisha kwenye kopo lake kila jioni bila kukosa, inunue kwa moyo mweupe.

Ndogo za mfukoni, 8x25 na 10x25, zinafaa kwa anayesafiri. Mwanga wake ni haba: ya 10x25 inakupa milimita 2.5 tu. Mida saa sita mchana inatosha. Msituni alfajiri hapana.

Mtumba nao una heri yake. Darubini kuukuu za Kijapani na Kijerumani hupatikana mara mojamoja, na nyingine zina kioo kizuri kuliko chochote kipya cha bei hiyo. Kabla ya kutoa pesa, washa tochi ya simu uimulike kupitia lenzi kubwa huku ukitazama upande wa pili: kuvu itajionyesha. Kisha ishike mbali na uso kama urefu wa mkono, uielekeze kwenye mwanga, utazame vijiduara viwili vya mwanga. Viwe duara kamili; vikiwa na pembe, prizimu ni za kioo duni. Mwisho toka nje ya duka. Muuzaji akikataa usitoke nayo hata mlangoni, basi mwachie mali yake. Tafuta mstari ulionyooka, upeo wa bahari au foromali ya jahazi, utazame, halafu sogeza darubini polepole mbali na macho. Mstari wa jicho la kushoto na wa kulia ukiachana, mmoja juu mwingine chini, darubini hiyo imepinda ndani. Utaumwa kichwa kila siku, na mafundi wa kuinyoosha ni wachache.

Za mwisho kabisa, ambazo sitaki mtu yeyote azinunue, ni zile za kuvuta, ambazo ukuzaji wake hupandishwa na kushushwa, zilizoandikwa 10-30x50 au hata 10-70x70, zenye lenzi nyekundu kama tasbihi za kioo. Wekundu ule hauna faida kwako: unarudisha nje mwanga mwekundu ambao ungefika jichoni, na heroe wa Sabaki wanageuka kijivu. Mimi niliwahi kuuziwa moja Mombasa kwa bei ya kutosha taa mbili na mfuko wa unga. Kwa mara thelathini sikuona ndege, niliona ukungu unaotetemeka. Nilisikitika si kwa pesa tu, bali kwa msimu mzima nilioupoteza nikidhani mimi ndiye nisiyejua kutazama.

Ukishanunua yako, irekebishe kwa macho yako mwenyewe. Funika lenzi ya kulia, lenga kwa gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawa. Kisha funika ya kushoto, uzungushe pete ya jicho la kulia mpaka nalo lione sawa. Pete hiyo usiiguse tena. Watu wengi hutumia darubini nzuri miaka mitatu bila kufanya hivi.

Chumvi ikikauka kwenye lenzi usiifute kavu, na hasa usiifute kwa ncha ya kikoi. Chembe zake ni kama msasa. Puliza kwanza. Iliyozibwa, isuuze kwa maji baridi ya kunywa, halafu ndipo ufute kwa kitambaa laini cha miwani. Usiku ilale kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Usiweke ndani ya mkoba wa ngozi: ngozi inatunza unyevu, na kuvu inaipenda.

Kabla ya kununua, jaribu za watu. Nenda kituo cha msitu cha Gede, umchukue mtembezaji kwa saa mbili, umwombe utazame kupitia yake. Au nenda Sabaki maji yakianza kujaa, ndege wanaposukumwa kwenye kingo za mchanga. Kuanzia Agosti wageni kutoka Siberia wanaingia, na mtoni kuna viboko ambao ni salama kuwatazama kwa umbali mrefu tu. Siku ile na kijana wa Ganda, mzee mmoja mvuvi aliweka chini wavu wake akasema, "Hebu nipe nami, mwanangu." Alitazama kimya kwa muda. Kisha akatuambia jina la kila ndege aliyekuwa ng'ambo ya mto, tangu membe hadi mwari, ndege aliokuwa akiwajua kwa sauti na kwa mruko wao maisha yake yote, na akauliza kama anaweza kushika darubini dakika moja zaidi.