Kitufe cha bila kugusa cha volti 12: minakipatia nyota ine juu ya tano

Wandugu wa elektroniki wa Goma, kama munatafuta kitufe chenye mtu anapitisha mkono tu mbele yake na maji yanatoka, hiki cha infraredi (mwangaza wenye jicho halioni) chenye relei ndani (swichi yenye inaendeshwa na umeme) mukinunue. Tulikitia ku kituo cha kunawa mikono ku mlango wa kanisa. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, ndoo za klori zilikuwa karibu kila mlango hapa, na watu wote wanashika robine ile ile, kitu chenye kilikuwa kinanisumbua sana.

Kuunganisha njo kunanifurahisha zaidi. Waya mbili ni za umeme, unazitia moja kwa moja ku batri ya solari, na tatu ni za relei: COM (ya pamoja), NO (inashikana na COM mkono ukifika) na NC (inashikana na COM wakati hakuna mkono). Hizo tatu hazitoe umeme wowote, ni swichi tupu, njo maana unaweza kupitisha umeme wa pompi ndogo mu COM na NO bila Arduino (kakompyuta kadogo kenye unaandikia programu) kabisa, mkono ukikaribia zinashikana ukiondoka zinaachana (angalia kwanza relei inabeba ampere ngapi, na pompi uiwekee diodi 1N4007 ya kuzuia umeme wenye unarudi pompi ikizimika, mstari wake upande wa chanya). Ukitaka maji yajifunge yenyewe kisha sekunde chache, COM inaenda ku GND (hasi) ya Arduino, NO ku pini yenye umeipanga INPUT_PULLUP (inakaa juu, HIGH, mpaka iguse GND), programu inasoma LOW (chini) mkono ukifika. Lakini usikilishe na ile 5V ya Arduino, haitoshe. Wenye kutengeneza mlango wa sumaku, nyinyi mutumie COM na NC, juu sumaku inaachilia pale umeme unakatika.

Nyota moja nimeikata juu ya jua. Mwangaza wa jua nao uko na infraredi, ukipiga mu jicho la kitufe kinachanganyikiwa, tulilazimika kukiwekea kikofia cha bati. Na hii vumbi yetu nyeusi ya lava inafunika jicho, kitambaa laini kikae karibu.

Kuko watu watakuambia ununue E18-D80NK, sensa ingine ya infraredi, ya 5V, waya ya kahawia ku chanya, bluu ku GND, nyeusi ku pini. Ni nzuri kwa roboti, lakini inaona mpaka sentimita 80, usipopunguza na skrubu yake ya nyuma kila mwenye kupita anafungua maji, na yenyewe haiwezi kuendesha pompi.