Kichezeo Kilichopotea: Edward Tulane au The Christmas Pig?

Ipi inafaa zaidi kufundishia vipengele vya fasihi darasani: The Miraculous Journey of Edward Tulane ya Kate DiCamillo (2006), au The Christmas Pig ya J.K. Rowling (2021)?

Kwa ukuaji wa mhusika, DiCamillo yuko mbele sana. Edward ni sungura wa kaure mwenye majivuno. Abilene, msichana anayemmiliki, anampenda, yeye hajali. Anatupwa baharini, ananaswa na nyavu za mvuvi, anafukiwa jalalani, anatundikwa shambani kutishia kunguru, kisha anafika kwa Sarah Ruth, mtoto mgonjwa anayempakata kama kichanga. Hawezi kusema wala kugeuza shingo, kwa hiyo kila badiliko linatokea moyoni tu. Sijaona mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kazi ya mtazamo wa masimulizi.

Kwa taharuki, Rowling anashinda. Nguruwe wa kuchezea wa mvulana Jack anarushwa nje ya dirisha la gari, na usiku wa mkesha wa Krismasi Jack mwenyewe anaingia Nchi ya Vilivyopotea kumtafuta. Mgogoro uko wazi na adui anajulikana. Ila kitabu ni kinene. Muhula mfupi hautoshi.

Sarah Ruth anafariki, na kurasa zile ni nzito. Darasani kukiwa na mtoto aliyefiwa karibuni, ningetanguliza Rowling. Lakini Jack naye ana jeraha lake: wazazi wametengana, mama ameolewa tena. Mfahamu kwanza mtoto unayemsomea.