Wakala wa wadada wa kutunza wagonjwa nyumbani, Tanga: nyota moja

Naandika kwa yeyote anaetafuta dada wa kukaa na mgonjwa hapa Tanga. Wakala siwataji jina maana kesi bado ipo polisi.

Mama ana miaka 74, kiharusi kilimpiga upande wa kulia mwaka jana, maneno hayatoki vizuri. Mimi niko Dar, nyumba ipo Makorora. Wakaniletea dada mchangamfu, ana salamu nzuri, nalipa kwao kila tarehe moja. Miezi miwili hakuna neno, wa tatu nikaanza kuona vitu na kila kitu nilipewa jibu na jibu nikalimeza. Mama kakonda, "hataki kula kaka". Ana alama mkononi, "kajigonga kitandani". Napiga simu niongee nae, asubuhi kalala, jioni kalala.

Ijumaa nikaja bila kusema. Nakuta midomo ya mama imepasuka kwa kiu na glasi ya maji iko juu ya kabati, upande ule mkono wake mbovu, haufiki kabisa. Nauliza kwanini, dada ananijibu kawaida tu, akinywa sana anakojoa kitandani. Nikanyoosha mkono nimtengeneze mtandio, mama akajikunja akafunika uso. Mimi mwanawe wa kumzaa! Kumgeuza, mgongoni kuna kidonda cha kulalia kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Hospitali ndo wakaniambia mtu asieweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, wakala wanachukua hela ya kutunza wagonjwa na hilo mtu wao halijui.

Nawapigia wananiambia kaka tumalizane tu, tutakubadilishia dada. Yaani kama mtungi wa gesi, na yule anapelekwa kwa mama wa mtu mwingine. Hapo ndo nikasema hapana, hii nairipoti.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akanipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kutoka pale dawati la jinsia na watoto polisi. Nilikuwa najua lile dawati ni la watoto na wamama wanaopigwa basi, kumbe mzee nae wanampokea, na wale nawapa nyota tano kwa moyo mmoja. Walikuja mpaka nyumbani, askari wa kike akaniomba nitoke chumbani akabaki na mama peke yake, anamuuliza maswali ya ndiyo na hapana, mama anamminya mkono. Miezi yote ile hakuna alieona kwamba mama anaweza kujibu. Tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, picha nilizopiga wakazichukua pia (ila mgonjwa akiwa hali mbaya mkimbizeni hospitali kwanza, karatasi zifuate).

Kinachoniuma zaidi, jirani ananiambia leo kwamba alimsikia mama akilia mara tatu, akaogopa ataonekana mmbea. Jamani mama zangu, gongeni mlango, ingieni, ombeni kumuona mgonjwa, ukikatazwa nenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo.

Sasa hivi binti wa mama mdogo katoka Muheza anakaa nae. Glasi iko kushoto kwenye stuli, ina mrija, kidonda kimeanza kufunga. Wakala hela yangu ya mwezi wa tatu hawajarudisha na simu hawapokei.