Kizimba cha Hamsta: Nunua Sakafu, Usinunue Ghorofa

Hamsta wangu wa kwanza (mnyama mdogo wa kufugwa, jamii ya panya) alianza kutafuna vyuma vya kizimba usiku uleule nilipomleta. Nilidhani anacheza. Wiki tatu baadaye manyoya ya juu ya pua yalikuwa yamenyonyoka, kikabaki kipara chekundu cha ukubwa wa punje ya mchele, na bado kila giza likiingia aliendelea kutafuna. Kizimba kilikuja na bomba la njano na ngazi, na kwenye boksi palikuwa na picha ya hamsta. Nilipokipima, sakafu yake ilikuwa sentimita 40 kwa 28.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba futi ya kupimia. Usishuke chini ya sakafu moja isiyokatika ya sentimita 100 kwa 50, na kimo cha 50. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na TVT, chama cha madaktari wa wanyama cha Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wa wanyama. Ghorofa usizijumlishe. Hamsta ni mnyama wa kukimbia chini na kuchimba. Macho yake hafifu hayakadirii kimo, na akianguka kutoka juu huumia. Usidanganyike pia na udogo wa hamsta kibete, maana wale wa Roborovski, wadogo kuliko wote, ndio wasiotulia kabisa.

Kina cha matandiko, yaani karatasi au maranda anayotandikiwa chini, ndicho wanunuzi wengi hukisahau. Hamsta wa Syria, aina kubwa kuliko vibete, wakiwa porini huishi kwenye mashimo yenye kina cha wastani wa sentimita 65. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, uliochapishwa 2006, uliwaweka hamsta kwenye matandiko ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Waliopewa 10 walitafuna vyuma zaidi, na waliopewa 80 hawakutafuna kabisa. Nyumbani, jitahidi upate angalau 25 hadi 30.

Nikipanga kwa ubora, nafasi ya kwanza naipa tangi la kioo la kufugia samaki. Linabeba matandiko mengi bila kumwaga, na halina vyuma vya kutafuna. Tafuta lililotumika: tangi linalovuja mfuga samaki halitaki tena, lakini kwa hamsta halina kasoro, mradi kioo hakijapasuka. Mfuniko uwe wa wavu ili hewa ipite. Liweke mahali pake kabla ya kulijaza kwa sababu ni zito, na liwe mbali na jua la dirishani, kwani kioo hupata joto haraka.

La pili ni kabati la mbao lenye kioo mbele, la kujitengenezea au la fundi. Unachagua ukubwa unaotaka, na mimi ningeenda hadi 120 kwa 60. Shida ni mkojo: mbao isiyopakwa rangi salama hunyonya na kunuka.

Sanduku kubwa la plastiki nalipa nafasi ya tatu, ukilikata dirisha na kufunga wavu. Pima chini, si mdomoni, kwa sababu masanduku haya huwa membamba kuelekea kitako na unaweza kupoteza sentimita 10 kila upande. Mengi hayafiki 100.

Kizimba cha vyuma kinafuata. Hata kikiwa kipana, trei yake huwa fupi na matandiko humwagika sakafuni. Ukikichukua, nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 1, na kwa kibete nusu yake.

Vile vya rangi rangi vyenye mabomba na ghorofa, usinunue.

Kabla ya kulipa, fikiria gurudumu. Hamsta wa Syria anahitaji la kipenyo cha sentimita 28 hivi, kibete 20, asikimbie mgongo ukiwa umepinda. Gurudumu la 28 juu ya matandiko ya 30 halienei kwenye kimo cha 50. Mimi huinua matandiko upande mmoja hadi 30, upande wa pili naacha 15, na gurudumu nalisimamisha huko. Tumia karatasi laini au maranda yasiyo na vumbi, ila maranda ya mwerezi usiyaguse, harufu yake kali hudhuru mapafu. Usishtuke kwamba yanahitajika mengi. Hubadilishi yote, unatoa tu kona anayokojolea.

Na kila kizimba ni cha hamsta mmoja. Wa Syria wakikua wakiwa pamoja hupigana hadi kuuana.

Wa pili nilimweka kwenye tangi la 100 kwa 50. Siku ya nne nilimwona kupitia kioo, chini kabisa ya maranda, amejichimbia chumba cha mviringo, mbegu za alizeti zimerundikwa upande mmoja, naye amelala chali na mdomo wazi.